Kopo la protini, dagaa au korosho: kipi kinalinda misuli ya kuruta?

Kijana wa Mtwara au Lindi anayejiandaa kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), awe wa mujibu wa sheria au wa kujitolea, huulizia kitu kimoja dukani: kopo la unga wa protini. Anaogopa kurudi nyumbani mashavu yameingia ndani na suruali inaning'inia kwenye mkanda. Hofu hiyo ina msingi, maana mafunzo ya kijeshi kweli yanakula misuli. Lakini pesa inayonunua kopo moja inaweza kununua dagaa, mbaazi na karanga za kumlisha mtu zaidi ya miezi miwili, na kwa kazi ya kulinda misuli tunaupendekeza mfuko huo kabla ya kopo. Tathmini hii inapitia bidhaa zinazopatikana katika masoko yetu ya Kusini, moja baada ya nyingine, kwa kuangalia protini iliyomo, nishati, bei na namna zinavyoharibika.

Kwanza ieleweke misuli inakwenda wapi. Mtu anayeamka na mchakamchaka alfajiri, akapiga kwata mpaka adhuhuri, akabeba mzigo jioni na kulala saa chache, anaweza kuchoma kilokalori 3,500 hadi 4,500 kwa siku. Kisichotoka kwenye sahani kinatoka mwilini. Wengi wanadhani mafuta huisha kwanza ndipo misuli iguswe. Sivyo. Vyote huenda pamoja, na aliyeingia kambini akiwa mwembamba hupoteza misuli zaidi, kwa sababu akiba yake ya mafuta ni ndogo. Jeshi la Marekani lilipima jambo hili mwaka 1991 katika kozi yake ya Ranger ya siku 62, ambamo askari walikuwa wakipungukiwa zaidi ya kilokalori 1,000 kila siku. Walimaliza wakiwa wamepoteza takriban asilimia 16 ya uzito wao, na nguvu zao zilikuwa zimeshuka pia.

Taasisi ya utafiti ya jeshi hilohilo, iliyoko Natick, Massachusetts, ilichapisha mwaka 2013 jaribio la watu 39 waliowekwa kwenye upungufu wa nishati wa asilimia 40 kwa siku 21. Waliokula protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kile kiwango cha kawaida cha mtu wa ofisini, walipoteza misuli mingi zaidi. Waliokula gramu 1.6 walibakiza zaidi. Waliokula 2.4 hawakupata faida ya ziada juu ya wale wa 1.6. Hiyo ndiyo namba ya kushika: kijana wa kilo 60 anahitaji gramu 96 kwa siku, wa kilo 70 gramu 112. Azigawe katika milo minne ya gramu 25 hivi, maana mtu aliyekaa na njaa tangu asubuhi hawezi kulipa deni lote kwa sahani moja ya usiku.

Kuna sharti ambalo wauza makopo hawalitaji. Protini ikiingia tumboni bila wanga na mafuta ya kutosha, mwili unaichoma kama kuni, tena kuni za bei mbaya. Kwa hiyo ugali unaodharauliwa na vijana wa mazoezi ndio unaoilinda protini ifanye kazi yake. Kuruta anayesukuma ugali pembeni ili ale mboga tupu anaiharibu hata ile mboga.

Sasa tuingie sokoni.

Dagaa wakavu wa baharini wameshika nafasi ya kwanza, na hawakuipata kwa bahati. Gramu 100 za dagaa waliokauka vizuri zina protini gramu 55 hadi 60, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, kalsiamu inakuja humohumo. Kiganja kilichojaa ni kama gramu 30, yaani protini gramu 17, karibu sawa na mayai matatu. Kalsiamu hiyo si ya kupuuzwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu makuruta wa kike wa jeshi la wanamaji la Marekani ulionyesha kwamba waliopewa kalsiamu na vitamini D walipata mipasuko ya mifupa itokanayo na mazoezi kwa asilimia 20 pungufu kuliko wenzao.

Ubora wa dagaa unatofautiana sana kati ya meza na meza. Chukua mmoja umvunje. Aliyekauka anakatika kwa mlio. Anayepinda bado ana maji, na baada ya siku chache ataota ukungu ndani ya mfuko. Rangi iwe ya fedha. Akigeuka kahawia na kunuka kama mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, mafuta yake yameshaharibika, usimnunue hata kwa nusu bei. Walioanikwa mchangani huuzwa rahisi, ila sehemu ya uzito unaolipia ni mchanga, na kuosha mara tatu hakuumalizi. Ulizia walioanikwa kwenye vichanja, ongeza hiyo tofauti ya bei, meno yatashukuru.

Matumizi bora kabisa ni unga wa dagaa. Toa vichwa, kwa sababu ndivyo vinavyoleta uchungu. Kama wana chumvi nyingi, waloweke kwenye maji ya moto dakika 10, mwaga, suuza, anika tena mpaka wakauke. Kaanga bila mafuta kwa moto mdogo dakika 7 hadi 10, kisha waache wapoe kabisa kabla ya kusaga. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wakisagwa wakiwa moto, mvuke unabaki ndani ya kopo, unga unafanya madonge na baada ya wiki unanuka. Kosa la pili ni kuwakaanga kwa mafuta halafu kuwahifadhi. Kwenye joto la Pwani mafuta hayo yanaharibika upesi. Saga kidogo kidogo, unga wa wiki mbili tu kwa wakati mmoja. Vijiko viwili vya chakula kwenye uji au kwenye kisamvu vinaongeza protini gramu 8 hivi.

Mbaazi zinafuata kwa karibu, na kwa bei zinawashinda hata dagaa. Nachingwea, Masasi, Ruangwa, kote huko mbaazi zipo kwa magunia, na zikishavunwa kuanzia Julai bei yake hushuka. Kilo moja kavu ina protini gramu 210 hivi. Udhaifu wake ni kwamba ina uhaba wa methionini, moja ya asidi amino zinazojenga misuli, lakini mahindi yanayo. Mahindi nayo yana uhaba wa laisini, ambayo mbaazi zinayo tele. Ugali na mbaazi, au wali na mbaazi za nazi, unakuwa mlo uliokamilika.

Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, ndipo uchemshe kwa maji mapya; gesi tumboni itapungua sana, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu atakayekimbia kilomita 10 baadaye. Chumvi, nyanya na ndimu viingie mwishoni. Nyanya ikiingia mapema, mbaazi hukaza na mkaa unaisha bure. Mbaazi zilizokaa ghalani zaidi ya mwaka hazilainiki hata uchemshe nusu siku, na watu hukimbilia magadi. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, ambayo mwili unaihitaji kugeuza wanga kuwa nguvu. Afadhali ununue mpya. Tui zito la nazi lisionewe aibu hapa: kwa mtu anayechoma kilokalori 4,000, mafuta ya nazi ni mzigo mwepesi wenye nguvu nyingi.

Muhogo unastahili onyo. Ugali wa muhogo unapendwa Kusini, na nishati yake inakaribiana na ya sembe, lakini unga wa muhogo gramu 500 una protini isiyofika gramu 10, wakati wa mahindi wa uzito huohuo una 40. Kijana anayeshinda na ugali wa muhogo na mboga ya majani anaweza kushiba vizuri kabisa huku misuli inayeyuka. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya Kusini, vilevile: ni tamu, ni ya kwetu, ni chakula cha nguvu cha asubuhi, lakini ile sahani ya chumvi na pilipili haina cha kujengea misuli. Hatusemi viachwe. Tunasema kila panapoingia muhogo au ming'oko, dagaa waongezwe kiganja kimoja na nusu kufidia.

Korosho tunaipenda, na bado hatuiweki juu. Ina protini gramu 18 kwa kila 100, mafuta gramu 44, kilokalori 550 hivi. Uzuri wake ni wa mfukoni: haihitaji kupikwa, haimwagiki, na haijazi tumbo. Daraja linaloitwa W320 maana yake ni punje hadi 320 kwa ratili, hivyo kila punje ni kama gramu 1.4, punje 20 ni gramu 28, zenye protini 5 na kilokalori 155. Hesabu hiyo inaonyesha korosho ni mafuta ya injini zaidi kuliko matofali ya misuli. Ukinunua, ulizia vipande. Korosho iliyovunjika wakati wa kubangua ni korosho ileile, ila huuzwa nafuu kwa sababu haipendezi kwenye paketi. Epuka zilizojaa chumvi kama unakwenda mahali maji ni ya kupangiwa.

Karanga zina protini gramu 25, zinaizidi korosho, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya korosho. Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho nje kidogo ya Mtwara mjini, kimetoa mbegu nzuri kama Pendo na Mnanje, na wakulima wetu wanazilima. Hatari ya karanga ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu hiyo kwenye nafaka, na karanga iliyovunwa na kuhifadhiwa na unyevu iko katika hatari hiyohiyo. Kukaanga hakuiondoi. Mwaga sinia, chambua kwa mkono: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka, yenye vumbi la kijani au jeusi, tupa. Karanga zilizosagwa tayari hazikupi nafasi ya kuchambua, kwa hiyo nunua nzima, chambua, kaanga, saga mwenyewe.

Pweza amejengewa sifa nyingi, hasa supu yake jioni kandoni mwa barabara. Nyama yake ni protini safi: mbichi ina gramu 15 kwa kila 100, iliyoiva karibu 30, kwa sababu hunywea sana na kuachia maji. Kilo uliyonunua asubuhi inaweza kubaki nusu kilo au pungufu sufuriani, hivyo linganisha bei kwa uzito wa mbichi na uzito wa aliyeiva. Kikombe cha supu peke yake, bila nyama, ni maji, chumvi na ladha. Kinasaidia baada ya jasho, hilo tunakubali. Misuli inajengwa na vile vipande vya mikono yake vinavyochomwa vijiti, si na mchuzi. Mayai hayahitaji maelezo mengi: gramu 6 kila moja, yachemshwe dakika 10, yaliwe siku hiyohiyo.

Turudi kwenye kopo. Unga wa protini ya maziwa si ulaghai. Kijiko chake cha gramu 30 kwa kawaida hutoa protini gramu 24 hivi, inayosagika haraka na yenye leusini nyingi, asidi amino inayoamsha ujenzi wa misuli. Kwa mtu asiyeweza kutafuna baada ya zoezi kali, ni njia rahisi. Tatizo ni bei, na ni kopo lipi. Geuza kopo usome lebo: gawanya gramu za protini kwa gramu za kijiko. Ikitoka 0.7 hadi 0.8, ni unga wa protini. Ikitoka 0.2 au 0.3, ni yale makopo makubwa ya kunenepesha, ambayo sehemu kubwa ni wanga wa kusagwa na sukari. Nishati hiyo unaipata kwenye uji kwa senti chache. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), kwa hiyo tafuta alama yake, tarehe ya mwisho wa matumizi, na karatasi ya ndani isiyofunguliwa. Kopo lenye ahadi ya misuli ndani ya wiki mbili liache hapohapo. Baadhi ya bidhaa za aina hiyo huwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo.

Jingine ni tumbo. Watu wazima wengi wa kwetu hawasagi vizuri sukari ya maziwa, na makopo ya bei ya chini ndiyo yenye sukari hiyo zaidi. Gesi na kuharisha katikati ya matembezi ya masafa marefu ni hasara kuliko kukosa huo unga. Anayetaka kuutumia aujaribu nyumbani wiki mbili kabla, nusu kijiko kwanza. Na unyevu wa Mtwara hauna huruma: kopo lililofunguliwa bila kufungwa vizuri hufanya jiwe.

Kulinganisha bei, gawanya bei kwa gramu za protini. Kwa mfano tu, weka bei ya siku yako: mbaazi kilo shilingi 2,000 ni kama shilingi 10 kwa gramu ya protini. Karanga kilo 4,000, shilingi 16. Dagaa kilo 12,000, shilingi 20 na kitu. Yai la 400, shilingi 67. Korosho kilo 25,000, karibu shilingi 140. Kopo la gramu 900 lenye protini 720, likiuzwa 150,000, ni zaidi ya shilingi 200. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo dogo havimo kwenye orodha kwa sababu protini yake ni sifuri au karibu na sifuri. Ni sukari na kafeini, na kafeini ya jioni inakuibia usingizi, ambao ndio muda misuli inapokarabatiwa.

Hii hapa siku moja ya kijana wa kilo 60 hadi 70 anayejipasha mwezi mmoja kabla ya kuripoti. Asubuhi uji wa unga wa mahindi gramu 80 na sukari kidogo, pamoja na mayai mawili. Saa nne karanga gramu 60, kiganja kimoja na ziada. Mchana na usiku, ugali wa jumla ya gramu 500 za unga mkavu, mbaazi au maharage yaliyopimwa gramu 150 yakiwa makavu, dagaa gramu 30, na mafuta vijiko viwili vya chakula. Jumla ni kilokalori kama 3,450 na protini gramu 120 na zaidi kidogo. Ukibadilisha ugali wote ukawa wa muhogo, protini inashuka hadi gramu 90 na kidogo, na kijana wa kilo 70 hapo ameshapungukiwa. Ongeza embe, papai au ndimu kwenye mlo wa maharage ili madini ya chuma yafyonzwe vizuri, na chai ya rangi inywewe saa moja baada ya kula, si pamoja na chakula, kwa kuwa inayazuia. Kwa wasichana hili ni la lazima, kwani upungufu wa damu huangusha mtu mapema kuliko misuli. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila kuonana na daktari.

Kambini mambo ni mengine. Kila kambi ina taratibu zake kuhusu chakula kutoka nje, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga mzigo. Ukiruhusiwa, korosho na karanga ndizo za kubeba, si dagaa watakaonukisha hanga (bweni) zima. Mesi ukipakuliwa ugali na maharage, anza na maharage, usiyaache chini, kisha maliza ugali wote hata kama hamu imekatika. Uchovu mkali hukata hamu ya kula wakati mwili unahitaji chakula zaidi. Kula kwa saa, usingoje njaa. Maji nayo, rangi ya mkojo ndiyo kipimo. Mkojo wa njano iliyokolea unasema kunywa. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi, pamoja na misuli inayouma na kukaza kuliko kawaida, si kiu tena: misuli inavunjika na takataka zake zinaziba figo. Mwambie afande, nenda zahanati saa hiyohiyo. Protini hailitibu hilo, na kuvumilia ndiko kunakoua.

Mafunzo yakiisha, usikimbilie kopo. Askari wa Marine wa Marekani waliotoka kwenye siku 7 za mafunzo makali ya kujinusuru, wakiwa wamekula kidogo mno, walifuatiliwa siku 27: kwa kuwa chakula chao cha kawaida kilishakuwa na nishati na protini ya kutosha, kuongezewa unga wa protini hakukurudisha misuli haraka zaidi. Milo minne ileile inatosha. Anza na sahani za kawaida siku mbili tatu za kwanza, halafu ongeza. Jipime asubuhi baada ya haja, mara moja kwa wiki. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Ukiona tumbo linakua na mapaja yamebaki vilevile, punguza maandazi, rudisha pushapu na kukimbia siku tatu kwa wiki.